Tumeghairi safari, wamebaki na hela yote

SWALI: Mwanangu, mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Mbagala. Nililipia shilingi 240,000, siku nne kwenye kambi ya mahema Lushoto, mimi na mama watoto. Zimebaki siku 19 presha ikampanda, daktari akakataza safari. Wenye kambi wanasema hela hairudi. Ni haki?

JIBU: Shikamoo mwalimu, na mpe mama pole. Si haki, na imeniuma. Risiti uliyonitumia nimeisoma mara mbili: jina lako, tarehe, kiasi, muhuri wa bluu. Hakuna hata mstari mmoja kuhusu kughairi! Sharti ambalo hukuonyeshwa kabla ya kulipa wasilizue leo. Hata lingeandikwa, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inampa aliyevunjiwa mkataba, hapa ni wenye kambi, fidia inayostahili tu, si lazima kiasi chote kilichotajwa kwenye mkataba. Na siku 19 zinatosha kumpata mgeni mwingine.

Waandikie barua, ambatisha cheti cha daktari, uwaulize wamepata hasara gani hasa. Ujumbe wa malipo kwenye simu usiufute. Wakikaa kimya, peleka malalamiko Tume ya Ushindani, ndiyo inayolinda wateja. Barua nitumie kwanza, niipitie.