Fundi Anajibu: Bastola ya Bei Nafuu na Matunzo Yake

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa watu wenye bastola za bei ya chini, au wanaotaka kununua. Nimefurahi kuzipata, maana watu hawa ndio wanaoachwa bila wa kuwaelekeza. Nawajibu kama ninavyowajibu wanaokuja kwenye meza yangu ya kazi.

Shikamoo Fundi. Nimefuata taratibu zote na kibali cha kumiliki bastola nimekipata. Fedha niliyonayo inatosha bastola mpya ya kampuni isiyo na jina, au iliyotumika ya kampuni kubwa. Marafiki wananiambia rahisi ghali. Nichukue ipi?

Marahaba. Marafiki zako wameshika nusu ya ukweli. Bei ya bastola imebeba vitu vingi: jina, weusi wa chuma, ulaini wa triga, sanduku lenyewe. Lakini kinachoamua kama italia kila ukifyatua na kutema ganda kila ikilia ni vitu vinne: mtutu, ndoano inayovuta ganda, springi, na magazini, yaani kasha linalobeba risasi. Vikiwa sawa hivyo vinne, bastola ya bei nafuu inaaminika. Kikiharibika kimoja, jina kubwa halitakusaidia.

Ujue pia kwa nini nyingine ni nafuu. Kuna bastola ambazo mtutu wake haufungwi na slaidi, lile pande la chuma la juu linalorudi nyuma. Kinachozuia ganda lisitoke mapema ni uzito wa slaidi na nguvu ya springi, basi. Vipande ni vichache na kuviunda ni rahisi. Ndiyo maana ukiona bastola ya namna hiyo ya risasi za 9x19 (kichwa cha takriban milimita 9 kwa upana, ganda la milimita 19 kwa urefu), slaidi yake ni nene na nzito, na ukiivuta unaisikia mkononi. Aina ya pili inafuata njia ya John Browning, mbunifu wa silaha wa Marekani: mtutu na slaidi hurudi nyuma vimeshikana kwa milimita chache, kisha mtutu unainama na kuiachia slaidi iendelee peke yake. Hiyo inataka uchongaji wa makini zaidi, ingawa mashine za leo zimeifanya ipatikane hata kwa bei ya chini. Zote mbili zinafanya kazi. Mimi napendelea ya pili kwa mtu atakayefanya mazoezi mara kwa mara, kwa sababu ni nyepesi na haimpigi mkono.

Kuhusu risasi, 9x19, ile iitwayo Parabellum iliyoanza mwaka 1902, ni miongoni mwa risasi za bastola zinazopatikana kwa wingi zaidi duniani, na mazoezi yako yatakuwa nafuu. Ila usiambiwe "hii ni tisa" ukaridhika. Bastola ya Makarov nayo huitwa ya tisa, lakini risasi yake ni 9x18, na kichwa chake ni kinene kuliko cha Parabellum. Soma kilichochongwa kwenye mtutu, kisha soma kitako cha risasi.

Sasa, ukienda kuangalia iliyotumika, anza kwa kuhakikisha haina risasi, na fuata mpangilio huu bila kuugeuza: magazini itoke kwanza, kisha vuta slaidi, kisha tazama chemba, lile tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa, na uiguse kwa ncha ya kidole. Ukivuta slaidi magazini ikiwa bado ndani, risasi ya chemba itaruka nje, utaiona ikianguka na moyo utatulia, kumbe slaidi inaporudi mbele imeshapandisha nyingine. Watu wamekufa hapo hapo, mikononi mwa watu waliosema "nimeshaitoa".

Ukishahakikisha, ifungue, utoe mtutu, uuelekeze kwenye mwanga na uchungulie ndani. Mistari iliyochongwa humo iwe wazi na yenye kung'aa. Ukiona duara jeusi kama kivuli cha pete mahali pamoja tu, irudishe kwa mwenyewe. Hapo kichwa cha risasi kiliwahi kukwama, kikafuatwa na kingine kwa nyuma, na mtutu umevimba. Uchafu unasafishika. Uvimbe hautibiki. Kisha uiunganishe tena, uelekeze mtutu juu, uvute slaidi kidogo na kuirudisha polepole huku umeishikilia. Springi nzima itaifikisha mwisho bila kusukumwa. Ikiishia njiani, springi imechoka. Hilo lisikukimbize, kwani springi ni kipande cha bei ndogo. Mimi humshauri kila anayenunua bastola iliyotumika aibadilishe siku ya kwanza, asiulize imepiga risasi ngapi, kwa sababu muuzaji naye hajui. Baada ya hapo, fuata kitabu cha kiwanda. Nyingi hutaka springi mpya kila baada ya risasi elfu chache.

Na kabla ya kulipa, uliza kama magazini na springi za ziada zinapatikana. Kama hazipatikani, iache hata kama ni nzuri kiasi gani.

Fundi, bastola yangu inakwama. Ganda linabaki limesimama wima kwenye dirisha la kutolea. Mmoja ameniambia nibadilishe ndoano, mwingine anataka kuipiga msasa njia ya kupandishia risasi. Nimsikilize nani?

Kwanza mwambie huyo wa msasa aweke vitu vyake chini. Chuma kilichokwisha kuliwa hakirudi, na njia hiyo ikibadilika pembe, utakuwa na ugonjwa mpya juu ya ule wa zamani.

Chukua kalamu isiyofutika uandike namba chini ya kila magazini uliyonayo. Kila ikikwama, angalia namba. Ikiwa inakwama na ile ya 2 peke yake, mgonjwa wako ni magazini wala si bastola, na umeokoa fedha za ndoano. Magazini ikiangukia sakafu ngumu mara kwa mara, midomo yake ya juu hupanuka au kubonyea, nawe kwa macho unaweza usione kitu. Ilinganishe na iliyo mpya, ziweke ubavu kwa ubavu. Springi yake nayo huchoka, hasa kwa kupanda na kushuka.

Ikiwa zote zinakwama, safisha chini ya ndoano kwa kijiti chembamba. Pale hujikusanya masizi na vumbi la shaba hadi ndoano inashindwa kuuma ukingo wa ganda. Kisha jitazame mkono. Bastola inahitaji kiganja kilichokaza ili slaidi irudi safari nzima. Kifundo kikilegea, bastola yote inarudi nyuma pamoja na slaidi, na ganda linakosa nguvu ya kutoka. Mwombe mwenzako mwenye mkono imara aipige. Akiipiga boksi zima bila kukwama, umepata jibu. Ndoano ije mwisho.

Jambo moja nakusihi usilichukulie kwa wepesi. Ukifyatua ukasikia mlio hafifu, usio na teke la kawaida, simama. Usivute slaidi na kuendelea, hata kama uko katikati ya mazoezi na wote wanakusubiri. Toa magazini, toa kilichomo, fungua bastola na uchungulie mtutu. Risasi isiyo na baruti ya kutosha husukuma kichwa hadi katikati ya mtutu kikabaki humo. Ya pili ikifuata, ndipo linapozaliwa lile duara jeusi nililomweleza mwenzako, na wakati mwingine mtutu unapasuka ukiwa mkononi.

Naipaka mafuta mengi kila wiki lakini ndani ya mtutu kutu haiishi. Nikazane na mafuta gani?

Mafuta hayana kosa. Nashuku risasi zako ni za zamani za kijeshi, zinazouzwa rahisi. Fataki za risasi nyingi za namna hiyo, yaani kile kipande kidogo cha kitakoni kinachowasha baruti, zina kemikali ya klorati ambayo ikiungua huacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi hiyo huvuta unyevu wa hewa, na mafuta hayaiyeyushi. Yanaifunika tu, nayo inaendelea kula chuma chini yake. Kinachoitoa ni maji. Siku ile ile uliyopiga, pitisha maji ya moto yenye sabuni ndani ya mtutu na usoni pa slaidi, kausha vizuri kabisa, ndipo upitishe kitambaa chenye mafuta kidogo.

Na nasema kidogo. Tone moja kila upande wa reli za slaidi, tone linalosambazwa kwa kidole nje ya mtutu, na mengine kama kitabu chako kinavyoelekeza. Tundu la pini ya kufyatulia lisiguswe na mafuta, kwa sababu yakichanganyika na vumbi huwa utope na pini inakosa kasi. Ndani ya magazini pasiwe na mafuta, maana yakipenya hadi kwenye fataki, risasi inaweza kukataa kulia. Usiihifadhi bastola ndani ya kifuko cha ngozi. Ngozi hunywa unyevu na kuulaza juu ya chuma usiku kucha. Ukimaliza kusafisha, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika chakula, kwani masizi hayo yana risasi halisi, ile madini yenye sumu.

Mume wangu hulala na bastola chini ya mto, imekokiwa kabisa. Tuna watoto wadogo. Anasema hawajui ilipo, na kwamba mwizi akija hatangoja afungue kasiki. Nimwambie nini?

Mama, mwonyeshe ukurasa huu. Wewe bwana, watoto wanajua ilipo. Mtoto anayejua sukari imefichwa wapi anajua na hilo. Na triga ya bastola hizi haiulizi umri: mtoto mdogo asiyeweza kuibana kwa kidole kimoja huigeuza na kuisukuma kwa vidole gumba viwili, na ndivyo mtutu unavyomwelekea usoni. Kasiki ndogo yenye namba za kubonyeza, iliyofungwa kwa boliti karibu na kitanda, hufunguka kwa sekunde chache hata gizani, ukifanya mazoezi. Kama bado huna, toa magazini, kisha risasi ya chemba, usiku wa leo, na uifunge bastola mahali penye kufuli, risasi zikae kwingine. Aliyetoka usingizini na bastola iliyokokiwa mkononi anaweza kumpiga wa nyumbani mwake aliyeamka kwenda chooni. Chini ya mto si mahali pa bastola, na hilo silipunguzi hata kidogo.

Kila jioni natoa risasi ya chemba, kila asubuhi naipandisha ile ile. Kuna ubaya?

Upo. Kila inapopanda, kichwa chake hugonga mlango wa chemba na kusukumwa ndani ya ganda taratibu. Nafasi ya baruti inapungua, na siku ukiipiga mgandamizo unapanda kupita kiasi. Chukua mpya kutoka kwenye boksi, uzisimamishe pamoja mezani. Yako ikiwa fupi hata kwa unywele, usiipige. Mpelekee muuzaji mwenye leseni, naye ataiharibu ipasavyo.