Anza na Vidole, Jina Baadaye: Kutambua Mabakuli ya Kale ya Kioo cha Kushindiliwa

Bakuli langu la kwanza nililinunua kwa maneno ya muuzaji. Aliniambia limechongwa kwa mkono, kila almasi imekatwa na fundi kwenye gurudumu, nami nikalipa bei ya kioo cha kuchongwa. Nilipofika nyumbani nililiweka dirishani, nikapitisha kidole gumba juu ya zile almasi. Zilikuwa butu. Ncha zake zilikuwa laini kama pipi iliyonyonywa kidogo. Nikaligeuza kwenye mwanga, nikaona uzi mwembamba wa kioo umepanda kutoka kitakoni, ukapita katikati ya maua, ukaishia karibu na mdomo. Nikazungusha tena, nikaona wa pili, na wa tatu. Ilikuwa mishono ya kalibu, yaani alama za pale vipande vya chuma vinavyokipa kioo umbo vinapokutana. Niliumia wiki nzima. Lakini bakuli lenyewe halikuwa na kosa lolote. Lilikuwa kioo cha kushindiliwa, zuri kwa aina yake, na tangu siku ile hicho ndicho ninachokusanya.

Ushauri wangu ni huu: usianze kwa kutafuta jina la kiwanda. Anza kwa kusoma namna chombo kilivyotengenezwa. Vyombo vingi vya aina hii havina alama yoyote, na vyenye alama vinaweza kukupoteza. Dalili za kazi iliyofanywa kiwandani, kwa upande wake, hazifutiki kirahisi.

Ukielewa kinu na mchi, umeelewa kushindilia kioo. Fundi anachota donge la kioo kilichoyeyuka, analidondosha ndani ya kalibu ya chuma, mwenzake analikata kwa mkasi, halafu mchi unashuka kwa nguvu na kukisukuma kioo mpaka kijaze kila pembe ya kalibu. Urembo uliochongwa kwenye kalibu unatokea upande wa nje, na umbo la mchi linabaki upande wa ndani. Kwa hiyo weka kidole kimoja ndani na kingine nje, uvipitishe pamoja. Ukikuta nje kuna mabonde na vilima lakini ndani ni laini tupu, huenda umeshika kioo cha kushindiliwa. Ukikuta ndani kunafuata nje, yaani palipovimba nje pamebonyea ndani, hicho kimepulizwa ndani ya kalibu. Kioo cha kuchongwa nacho huwa laini ndani, ila hakina mishono na kingo zake ni kali kiasi cha kukuna ngozi.

Mara nyingi mishono hufichwa. Wachonga kalibu walikuwa hodari wa kuipitisha kwenye kona za urembo, kwa hiyo iangalie zaidi kwenye shina la bakuli lenye mguu, au chini ya meno ya mdomo. Tena kiwanda kingeweza kukirudisha chombo motoni ili ngozi yake ing'ae, na moto huo hulainisha mshono mpaka ukaribie kupotea.

Kuna alama nyingine inayowatisha wengi: mstari mfupi kama unywele au unyasi ulionasa kwenye ngozi ya kioo. Rafiki yangu alirudisha bakuli zuri sana akidhani lina ufa. Ni kovu la mkasi, pale donge lilipopoa kidogo lilipokatwa. Ufa ukiugeuza kwenye taa humetameta kama kipande cha kioo cha kujitazamia. Kovu la mkasi limefifia, halimulikii lolote, wala haliendi ndani.

Kwenye historia nitapita haraka. Ushindiliaji kwa mashine ulikua Marekani miaka ya 1820. John P. Bakewell wa Pittsburgh alipata hataza mwaka 1825 kwa ajili ya vifundo vya kioo vya samani, na mwaka huohuo Deming Jarves alianzisha kiwanda chake Sandwich, Massachusetts. Vyombo vya miaka ile ya mwanzo vimejaa vitone vidogovidogo kama kazi ya lesi, na sababu yake ilikuwa ya kiufundi: kalibu baridi ilikikunja kioo usoni, na vitone vilificha makunyanzi. Kioo chenyewe kilikuwa na madini ya risasi. Mwaka 1864 William Leighton, katika kiwanda cha Wheeling, West Virginia, alipata mchanganyiko mzuri wa soda na chokaa, rahisi na mwepesi zaidi, na viwanda vingi vikauhamia.

Hapa ndipo sikio linapofanya kazi. Liweke bakuli juu ya ncha za vidole, bila kugusa mdomo wake, uligonge kidogo kwa ukucha. Lenye risasi hulia kama kengele na sauti hukaa. La soda na chokaa hutoa mlio mfupi uliokauka. Bakuli zito lenye mlio mrefu nalitazama mara mbili. Na kama lina risasi, usihifadhi ndani yake kitu chenye ukali wa siki au ndimu, kwa sababu risasi huvuja taratibu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ningependa mtu angeniambia mwaka wa kwanza. Pima kitako, usipime mdomo.

Bakuli lenye mdomo wa marinda halikutoka kwenye kalibu likiwa na marinda. Lilitoka na mdomo wa kawaida, likashikwa kitakoni, likarudishwa motoni mpaka mdomo ukalegea, kisha fundi akaukunja kwa kifaa na kwa jicho lake. Kalibu moja iliweza kuzaa sahani bapa, bakuli la kina, bakuli la marinda na chombo kirefu kilichokunjwa pande mbili. Ndiyo maana mabakuli mawili ndugu huweza kutofautiana upana kwa sentimita kadhaa, na mtu akatafuta kipimo cha mdomo akakosa, akasema si lenyewe. Kitako hakikuguswa. Duara lake ni lilelile lililotoka kwenye kalibu. Hili nimelitegemea zaidi kwenye kioo cha kanivali, kile chenye rangi za upinde wa mvua usoni, ambacho viwanda viwili vya Marekani vilikitoa: Fenton walianza mwaka 1907 na Northwood wakafuata. Nina daftari ambalo kila bakuli limeandikiwa vitu vitatu: kipenyo cha kitako, idadi ya mishono, na idadi ya mara urembo unavyojirudia kuzunguka duara. Kwa vitatu hivyo nimeyatambua mabakuli ambayo picha peke yake ilinishinda.

Alama za kiwanda zipo, na kuzipata ni furaha ya kweli. Heisey wa Newark, Ohio, waliweka herufi H ndani ya almasi. Northwood waliweka N yenye mstari chini yake, mara nyingi ndani ya duara. Sowerby wa Gateshead, Uingereza, walitumia kichwa cha tausi. Lakini kalibu ni mali, na mali huuzwa. Heisey walipofunga mwaka 1957, kalibu zao zilinunuliwa na Imperial, kiwanda kingine cha kioo cha Marekani, mwaka uliofuata, na baadhi ya vyombo vilivyoshindiliwa na Imperial vilitoka na ile H ya Heisey bado ipo. Fostoria, nao wa Marekani, walianza urembo wao wa vijichemraba uitwao American mwaka 1915, na hata baada ya kiwanda chao kufungwa mwaka 1986 vyombo vya mtindo huo viliendelea kutoka kwingine. Kwa hiyo alama inakuambia kalibu ilichongwa kwa ajili ya nani. Nani aliyeshika mchi siku ile, hilo tafuta kwenye rangi, uzito na umaliziaji wa kitako.

Alama niipendayo kuliko zote ni almasi ya usajili ya Uingereza, iliyotumika kuanzia 1842 hadi 1883. Ni ndogo kuliko ukucha, na mara nyingi imefifia. Mimi huweka karatasi nyembamba juu yake na kusugua kwa penseli laini, taratibu, mpaka mistari ijitokeze. Juu kabisa kuna kiduara chenye III, maana yake kioo. Chini yake, kwa miaka ya 1842 hadi 1867, ipo herufi ya mwaka. Kuanzia 1868 herufi ya mwaka ilihamia kona ya kulia, na juu pakawekwa siku ya mwezi. Ukikuta tarakimu pale juu badala ya herufi, basi uko kipindi cha pili. Kuanzia 1884 almasi iliachwa, zikaja nambari zinazotanguliwa na Rd. Kumbuka tu kwamba hiyo ni tarehe ya kusajili mchoro. Bakuli lenyewe huenda lilishindiliwa miaka kadhaa baadaye.

Tochi ya mwanga wa urujuanimno ninayo na ninaipenda, ila haitoi umri. Kioo chenye urani huwaka kijani kikali, lakini cha aina hiyo kinatengenezwa hadi leo. Kijani hafifu huweza kuwa manganizi tu, iliyotiwa zamani ili kuondoa rangi ya chuma kwenye kioo. Manganizi hiyohiyo ndiyo inayokifanya kioo cheupe, yaani kisicho na rangi, kigeuke zambarau nyepesi kikikaa juani miaka mingi. Ukiona zambarau nzito ya kuiva kwenye bakuli lililopaswa kuwa jeupe, shuku, maana wapo wanaokipiga kioo mionzi makusudi.

Kwa seti za katikati ya meza za miaka ya 1930, zile zenye bakuli pana, kishikio cha maua chenye matundu na sanamu ya binti juu yake, angalia kama vipande vilizaliwa pamoja. Walther wa Ujerumani walizitoa kwa wingi, mara nyingi zikiwa na kigoda cheusi chini. Kagua rangi ya vipande vyote kwenye mwanga wa mchana, kwa pamoja, na uone kama kishikio kinakaa bila kucheza. Nimeshawahi kununua binti wa kijani aliyekalishwa kwenye bakuli la kijani kingine.

Kabla ya kulipa, pitisha ukucha mdomo mzima na kila jino. Pengo dogo hukwama ukuchani hata jicho lisipoliona. Kama sehemu ya mdomo ni bapa na kali kuliko nyingine, au iko chini kidogo, imesagwa ili kuficha pengo. Na bakuli linalong'aa kwa unyevu au mafuta, omba lifutwe likauke. Ukungu mweupe ulioachwa na maji ya chumvichumvi huondoka kwa siki. Ukungu wa kioo kilicholiwa, hasa na mashine ya kuoshea vyombo, hauondoki, na mafuta huuficha kwa siku chache tu.

Nyumbani, osha kwa maji ya vuguvugu ndani ya beseni lililotandikwa taulo, bakuli moja kwa wakati. Nilipoteza bakuli la bluu la Davidson, kiwanda cha Gateshead, kwa kulimiminia maji ya moto asubuhi ya baridi; lilitoa mlio mmoja, likagawanyika kufuata mshono. Ukilinyanyua, mikono miwili iwe chini ya kitako, kamwe usilivute kwa mdomo.