Kama umaskini huzaa wizi, mbona kijijini kwetu hakuibwi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nasoma sheria mwaka wa pili, Mwanza. Darasani tumeandika kwamba kwa mujibu wa mwanasosholojia Merton umaskini husababisha uhalifu. Kijijini kwetu watu ni maskini kuliko huku mjini, lakini jembe unaliacha shambani jioni na asubuhi unalikuta. Nadharia ina kasoro, au sijaielewa?

Jibu: Marahaba. Mliyoandika siyo aliyoyasema Merton. Makala yake ya mwaka 1938 iliizungumzia Marekani, nchi inayomhubiria kila mtoto kwamba akijituma atatajirika, huku wengi ikiwabania njia halali za kufika huko. Shinikizo linatoka kwenye pengo hilo, si kwenye mfuko mtupu. Yeye mwenyewe alitaja kusini-mashariki mwa Ulaya, ambako umaskini haukuendana sana na uhalifu kama ilivyokuwa Marekani. Na hata penye pengo, wizi ni njia mojawapo tu. Wapo wanaokata tamaa ya mafanikio lakini wakaendelea kufuata taratibu kwa uaminifu wote. Ofisi za umma unazijua.

Ila jembe lako silipeleki kwa Merton. Nalipeleka kwa Cohen na Felson, wanasosholojia wa Marekani walioandika mwaka 1979 kwamba wizi unahitaji vitu vitatu vikutane mahali pamoja na kwa wakati mmoja: mtu mwenye nia, kitu kinachofaa kuibwa, na kukosekana kwa mlinzi. Mlinzi si lazima awe askari. Hata bibi anayechambua mchicha barazani anatosha. Sasa mwizi wa jembe atamuuzia nani, pale ambapo kila mtu anaujua mpini wa jirani yake?

Wawili hao walikuwa na fumbo kama lako. Miaka ya 1960 kipato cha Wamarekani kilipanda, wizi nao ukapanda. Walichogundua ni kwamba wanawake wengi zaidi walikuwa wameingia kwenye ajira, nyumba zikabaki tupu mchana. Vitu navyo vilikuwa vyepesi: kwenye katalogi ya duka la Sears, televisheni nyepesi kuliko zote mwaka 1960 ilikuwa na kilo 17 hivi, mwaka 1970, kama kilo 7. Hiyo mtu anaikwapua na kutokomea nayo.

Kijiji chako usikisifu mapema, lakini. Sungusungu, vikundi vya ulinzi vya wanakijiji wenyewe, walianzia Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kilichowaamsha ni wizi wa ng'ombe. Ng'ombe ana thamani, soko lake liko mbali na macho ya mwenyewe, tena anajitembeza. Watu ni walewale, umaskini uleule. Kilichobadilika ni kitu kinachoibwa.

Udhaifu wa Cohen na Felson ni kwamba mtu mwenye nia wanamchukulia yupo tayari, hawaulizi nia ilitoka wapi. Hapo ndipo unarudi kwa Merton. Kwa hiyo kwenye mtihani, kabla hujataja jina lolote, soma swali linataka nini: kwa nini watu hawa, au kwa nini hapa na sasa. Na ukikuta neno umaskini kwenye swali, mkumbushe mtahini kuhusu mwanasosholojia Sutherland, ambaye mwaka 1939 aliwauliza wenzake: je, wakuu wa makampuni wanaolaghai wateja na wenye hisa nao ni maskini?