Trekta dogo linalia "tak" halafu kimya: kabla hujanunua stata pima ethi (waya wa hasi wa betri unaoshika kwenye injini na bodi)

Mkuu nimesoma maelezo yako yote. Trekta dogo la Kijapani la mtumba, silinda tatu, uko Mwera Pangani, ukizungusha ufunguo linalia "tak" moja halafu kimya, kuna siku ukirudia rudia linaitika, taa ya chaji nayo inawaka kwa mbali, na fundi kashakwambia stata, ile mota ya kuzungusha injini iwake, imekufa utafute nyingine. Usitoe hela bado. Mimi kazi yangu ni umeme wa mitambo ya shamba huku Tanga, matrekta ya mkonge, ya machungwa Muheza, ya mashamba ya chumvi upande wa Mkinga, na stata nyingi nilizoletewa zikiitwa mbovu nimezirudisha zikiwa hazina kosa lolote.

Cha kwanza tafuta mita, hizi za kidijitali za bei ya chini zinatosha, weka kwenye volti 20 DC. Betri ikiwa imelala usiku mzima bila kuchajiwa inatakiwa isome 12.6 hivi, 12.4 bado inafaa, ikisoma 12.0 ichaji kwanza ndio uendelee maana vipimo vingine vyote vitakudanganya. Kisha mwambie kijana akanyage klachi apige stata huku wewe umegusisha mita kwenye risasi yenyewe ya betri, zile nguzo mbili fupi za juu, sio kwenye terminali iliyoibana. Ikishuka chini ya 9.6 na stata inajikokota, betri ndio imechoka. Ila ikibaki huko huko juu, 12.3 au 12.4, na stata haizunguki, basi betri iache, umeme upo lakini kuna mahali unazuiwa njiani.

Sasa hapa ndipo wengi wanapokosea. Weka ncha moja ya mita kwenye risasi ya hasi, nyingine kwenye chuma kitupu cha bloku ya injini, isiwe kwenye rangi wala kwenye kutu, alafu kijana apige stata. Inatakiwa usome kitu kama 0.2 au 0.3, ukiona volti 1 na kuendelea ethi yako ni mbovu, hata kama kwa macho waya unaonekana mzima. Rudia upande wa chanya, kutoka risasi ya chanya hadi ile bolti kubwa ya stata inayopokea waya wa betri, hapo isizidi 0.5.

Fundi wako atasema alipima na taa na taa iliwaka. Sawa, iliwaka kweli, ila taa ya kupimia haili hata ampea 1 na stata ya trekta dogo inakula mia na kupanda, waya uliobakiza nyuzi tatu nne ndani utaiwasha taa vizuri tu lakini stata ikiomba chakula chake zile nyuzi haziwezi. Ndio maana unapima wakati mzigo upo, yaani stata inavuta umeme, sio mzigo ukiwa umezima.

Nikupe mfano. Kuna trekta lilikuwa linavuta chumvi Mkinga, mwenyewe alishabadilishiwa stata, akabadilisha na betri, ugonjwa ukabaki pale pale. Nikapima hasi kwenda bloku nikakuta volti 4 na ushee zinapotelea hapo. Nikachukua waya wa kubusti, ule mnene wa kuazima umeme kwenye betri nyingine, upande mmoja risasi ya hasi, upande wa pili bolti ya bloku, likawaka mara moja. Tulipouchana ule waya wa ethi, gome la nje lilikuwa safi kabisa ila ndani shaba yote imegeuka unga wa kijani, hasa pale inapoingia kwenye kichwa cha kufungia. Chumvi inaingia na unyevu inapanda ndani ya waya taratibu, huioni. Wewe uko Pangani upepo wa bahari unakupiga mwaka mzima, kwa hiyo jaribu hilo la waya wa kubusti leo leo, ni la dakika chache na halina gharama. Likiitika umeshapata jibu.

Lisipoitika rudi kwenye stata. Ina bolti mbili kubwa kwenye solenoidi, ile swichi ya sumaku iliyokaa juu ya stata inayolia "tak", moja inatoka betri, nyingine inaingia ndani ya stata. Gusisha mita kwenye hizo mbili, piga stata. Ukisikia "tak" na mita bado inasoma 12, zile shaba za ndani ya solenoidi zimeungua hazipitishi. Stata nyingi za Kijapani shaba hizo zinanunuliwa peke yake na kubadilishwa, huna haja ya kununua stata nzima.

Kama kuna siku hata hiyo "tak" haisikiki, tatizo ni lingine, liko kwenye ule waya mwembamba wa kutoka kwenye ufunguo. Kwenye haya matrekta waya huo unapitia swichi ya klachi, mara nyingi na ya PTO (shafti ya nyuma inayozungusha zana), mengine na ya kiti, na kila swichi ikipata kutu inakula kidogo, mpaka umeme ufike solenoidi umebaki 8 au 9, haiwezi kuvuta. Mimi naongeza rilei, swichi ndogo inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa, karibu na stata, ule waya mwembamba ukaamshe rilei tu, na rilei ichukue umeme moja kwa moja kutoka betri kupitia fyuzi. Swichi za usalama zinabaki zinafanya kazi.

Na hapa naomba unisikilize vizuri, wewe na vijana wako. Msiwashe trekta kwa kugusisha bisibisi kwenye stata mkiwa mmesimama chini. Ukifanya hivyo umezipita swichi zote, kama gia iko ndani trekta linawaka na kuondoka papo hapo na wewe umesimama mbele ya tairi la nyuma. Watu wamekufa hivyo, nchi nyingi. Swichi ya klachi ikiharibika badili swichi, usiunganishe nyaya zake ukaiacha hivyo.

Ile taa ya chaji uliyosema inawaka kwa mbali, washa injini, weka mwendo wa kati, pima betri, unataka kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki 12 na kitu, angalia mkanda, angalia soketi ya reguleta (kifaa kinachodhibiti chaji), halafu angalia ethi ya reguleta yenyewe maana inashika kwenye bodi na bodi ikishika kutu haichaji vizuri. Kama lako lina ile dainamo ndogo ya sumaku yenye nyaya mbili, hizo zinatoa AC, kwa hiyo geuza mita upande wa AC kabla hujasema imekufa. Na kuna mtindo wa kuchomoa terminali ya betri injini ikiwa inaunguruma eti kuona kama inachaji, usikubali mtu afanye hivyo kwenye trekta lako, volti zinaruka juu na kuua reguleta au daiodi za alteneta.

Stata ikizunguka vizuri ila injini haishiki, sikiliza solenoidi ya kukatia dizeli unapofungua ufunguo, kwenye nyingi inatakiwa ilie. Plagi za kupasha huku pwani kwa joto letu sio za kuhangaika nazo sana, ingekuwa uko Lushoto mwezi wa saba ningekwambia uanze nazo.

Fyuzi ikikatika weka ya ampea ile ile iliyoandikwa. Ukifunga uzi wa shaba pale, kitakachoungua safari nyingine ni waya wenyewe ndani ya kifungu cha nyaya na kuutafuta ni kazi.

Waya mpya wa ethi chukua wa milimita za mraba 25 au 35, vichwa vyake vibanwe kwa mashine, sio kugongwa nyundo, pale unapofungia piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza, ndio upake grisi juu. Mimi naupeleka moja kwa moja kwenye bolti karibu na stata, na ule wa zamani wa kwenda kwenye bodi nao nautengeneza nauacha. Vichwa vya betri vikiwa na ule unga mweupe mwagia maji ya moto, kausha, kaza, paka vaselini.

Ukishapima weka hapa hizo namba, betri ikilala, betri wakati wa kupiga stata, hasi kwenda bloku, chanya kwenda stata, na chaji injini ikiwa inaunguruma. Nitaingia jioni baada ya kazi tuangalie.