Titi limekuwa gumu baada ya kuwekewa kipandikizi: je, ni hali ya kawaida?

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina umri wa miaka 38, ni mama wa watoto wawili na ninaishi Dar es Salaam. Mwaka jana niliwekewa vipandikizi vya silikoni vya matiti nchini Uturuki. Miezi minane ya kwanza hali ilikuwa shwari, lakini tangu hapo titi la kushoto limekuwa gumu, limepanda juu, na usiku linaniuma nikilalia upande huo. La kulia ni laini, ila sikuridhika nalo tangu mwanzo kwa kuwa ni dogo kuliko nilivyoomba. Daktari aliyenifanyia upasuaji ananijibu kwa simu kwamba hiyo ni kawaida, na kwamba nilikande titi kwa nguvu kila siku. Je, ni kweli? Inaweza kuwa saratani? Na nikiamua vipandikizi vyote viwili vitolewe, nitarudi nilivyokuwa?

JIBU: Marahaba, dada. Barua yako ina malalamiko mawili, nami nitayajibu mbalimbali kwa sababu tiba yake si moja. Titi la kushoto lina tatizo la kitabibu linalopaswa kuchunguzwa na daktari aliye karibu nawe, anayeweza kulishika na kuagiza lipigwe picha. Titi la kulia, kwa jinsi ulivyolieleza, halina ugonjwa, bali halikufikia ulichotarajia. Mambo haya mawili yakichanganywa, mgonjwa hurudishwa haraka kwenye chumba cha upasuaji, akawekewa kipandikizi kikubwa zaidi ndani ya kovu ambalo tayari linajivuta, na hali yake ikawa mbaya kuliko mwanzo.

Mwili wa binadamu hukizungushia utando wa kovu kila kitu kigeni kinachowekwa ndani yake, kiwe kipandikizi cha titi au kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo. Utando huo si ugonjwa, kwani ndio unaosaidia kukishika kipandikizi mahali pake. Tatizo huanza pale kovu hilo linapokuwa nene na kuanza kusinyaa, likakibana kipandikizi kutoka pande zote hadi kikawa cha duara na kusukumwa juu. Silikoni yenyewe haijawa ngumu. Kipandikizi hicho kikitolewa na kuwekwa mezani, kwa kawaida hukutwa laini kama siku kilipowekwa. Madaktari hupima hali hii kwa madaraja manne ya Baker. Katika daraja la kwanza titi ni laini na lina umbo la kawaida. Katika la pili ni gumu kidogo lakini umbo halijabadilika. Katika la tatu ugumu umeongezeka na umbo limeharibika kwa kuonekana. Na katika la nne maumivu yameongezeka juu ya hayo yote. Maelezo yako yanaelekea kwenye daraja la nne, ingawa daraja hutolewa baada ya kulishika titi, si kwa kusoma barua.

Sababu za kovu kusinyaa hazijulikani zote, lakini zipo zinazokubaliwa na wengi wetu: damu iliyovuja na kuganda kuzunguka kipandikizi siku za mwanzo, mionzi kwa waliotibiwa saratani ya titi, kipandikizi kuwekwa juu ya msuli wa kifua badala ya chini yake, na hasa bakteria wachache walionata juu ya kipandikizi na kujifunika kwa utando wao, wasitoe usaha wala homa, lakini wakauchokoza mwili mwezi baada ya mwezi. Hivyo ni tatizo linalotokea mara nyingi, na pengine daktari wako alikusudia hilo. Hata hivyo, kutokea mara nyingi hakulifanyi kuwa jambo la kuachwa bila uchunguzi, na ushauri wa kulikanda kwa nguvu siukubali hata kidogo. Katika miaka ya 1970 madaktari walikuwa wakilibana titi kwa mikono hadi kovu lipasuke ndani. Njia hiyo iliachwa kwa sababu ilisababisha damu kuvujia ndani, kipandikizi kupasuka na silikoni kusambaa kwenye nyama, na mara nyingi kovu lilirudi kusinyaa upya. Acha kulikanda kuanzia leo, na usimruhusu mtu mwingine yeyote alikande.

Kabla ya kukubali kwamba ni kovu tu, kuna jambo moja ambalo kila aliyefanyiwa upasuaji safarini anapaswa kulijua. Wapo bakteria wa jamii moja na wale wa kifua kikuu, ambao hukaa kwenye maji na udongo, na ambao wameshawapata wanawake wa Marekani waliokwenda Jamhuri ya Dominika kufanyiwa upasuaji wa urembo. Maambukizi yake hujitokeza wiki au miezi baada ya mgonjwa kurudi nyumbani, hayasikii antibaiotiki tulizozizoea, na kipimo cha kawaida cha kuotesha vimelea kinaweza kuyakosa. Kama karibu na mshono kuna uvimbe, wekundu au kijitundu kinachotoa maji mara kwa mara, mwambie daktari atakayekuchunguza hapa nyumbani waziwazi kwamba ulipasuliwa nje ya nchi, ili aombe maabara iwatafute vimelea hao kwa makusudi. Ukipata homa, titi likawa jekundu na la moto au likavimba ghafla, nenda hospitali siku hiyo hiyo bila kusubiri miadi.

Kuhusu saratani, hofu yako ina msingi, lakini dalili ulizoandika si zile zinazotutia wasiwasi zaidi. Ipo limfoma adimu inayotokea ndani ya kovu linalozunguka kipandikizi. Si saratani ya titi lenyewe, bali ni ya chembe za kinga ya mwili, na imehusishwa hasa na vipandikizi vyenye uso wa kukwaruza, si vile vyenye uso laini. Mara nyingi huonekana miaka mingi baada ya upasuaji, kwa wastani kati ya miaka 8 na 10, na dalili yake kuu ni titi kuvimba kwa maji yanayojikusanya upya. Pengine huwa ni uvimbe mgumu unaoweza kupapaswa. Kwa ajili ya ugonjwa huo, Julai 2019 kampuni ya Allergan iliviondoa sokoni duniani kote vipandikizi vyake vya aina ya BIOCELL, vyenye uso huo wa kukwaruza. Mamlaka ya dawa ya Marekani haikuwashauri wanawake wasio na dalili wavitoe, ila wafuatilie hali zao. Wewe unahitaji ultrasaundi ya matiti yote mawili. Yakionekana maji kuzunguka kipandikizi, yavutwe kwa sindano na kupelekwa maabara yakapimwe, pamoja na kutafutwa alama ya chembe za limfoma hiyo iitwayo CD30, yasimwagwe. Endapo ultrasaundi itaacha shaka kwamba kipandikizi kimepasuka, MRI ndiyo picha inayoonyesha vizuri zaidi, kwani silikoni inaweza kupasuka bila mwanamke kuhisi chochote.

Huenda huna karatasi za upasuaji wako, na katika kazi hii pengo hilo ndilo linalonisumbua kuliko mengine yote. Andika leo hospitalini ulikopasuliwa, kwa maandishi na si kwa simu, uombe ripoti ya upasuaji pamoja na kadi ya vipandikizi yenye jina la kampuni, modeli, ukubwa, aina ya uso na namba ya utambulisho ya kila kimoja. Mwaka 2010 mamlaka za Ufaransa zilipogundua kwamba kampuni ya Poly Implant Prothèse ilikuwa ikijaza vipandikizi vyake silikoni ya viwandani isiyoruhusiwa kwa matumizi ya binadamu, wanawake wengi wa nchi mbalimbali walitaka kujua walichonacho kifuani. Aliyekuwa na kadi aliweza kupata jibu kwa kuisoma. Asiye nayo alibaki kuitafuta hospitali ambayo pengine ilikuwa imeshafungwa. Mwanzilishi wa kampuni hiyo, Jean-Claude Mas, alihukumiwa na mahakama ya Marseille mwaka 2013 kifungo cha miaka minne. Daktari atakayekupasua hapa nyumbani atauliza habari hizo kabla ya jambo lingine, nami nisingemshauri yeyote aingie chumba cha upasuaji bila angalau kuzitafuta.

Titi la kulia lisikuharakishe. Ukubwa ulioombwa na ukubwa uliopatikana hutofautiana kwa sababu upana wa kifua na uwezo wa ngozi kutanuka huweka mpaka ambao daktari makini haupiti. Kipandikizi kizito zaidi huivuta ngozi chini na huonyesha mikunjo yake kwa nje. Ulipaswa kuelezwa hayo kabla ya kulipa, na kama hukuelezwa una haki ya kulalamika. Fahamu tu kwamba Baraza la Madaktari Tanganyika husimamia madaktari waliosajiliwa hapa. Malalamiko dhidi ya daktari wa Uturuki hupelekwa kwenye vyombo vya Uturuki, na hapo napo utaulizwa karatasi.

Ikithibitika kwamba ni kovu lililosinyaa, tiba yake ni upasuaji wa kuliondoa au kulifungua kovu, kisha kuweka kipandikizi kipya, mara nyingi katika tabaka jingine, au kutoweka chochote. Kovu linaweza kusinyaa tena hata baada ya upasuaji mzuri. Vipandikizi si vya maisha: takwimu zilizotolewa na mamlaka ya dawa ya Marekani mwaka 2011 zilionyesha kwamba, kati ya waliowekewa kwa ajili ya urembo, hadi mmoja katika watano huhitaji vitolewe ndani ya miaka 10. Kwa hiyo anayechagua kubadilisha anachagua pia uwezekano wa upasuaji mwingine mbele.

Ukichagua vitolewe vyote, hutarudi kamili ulivyokuwa. Makovu ya mshono yatabaki, ngozi iliyotanuka inaweza kulegea, na nyama ya titi iliyokandamizwa inaweza kuwa imepungua, hasa kwa mama aliyekwisha kunyonyesha. Wapo ambao ngozi hujirudi vya kutosha katika miezi ya mwanzo, na wapo wanaohitaji matiti yanyanyuliwe. Mimi hupendelea, pale ambapo hakuna maambukizi wala dalili ya limfoma, kuvitoa kwanza na kusubiri miezi kadhaa kabla ya kuamua kunyanyua, kwa sababu umbo la wiki za mwanzo hudanganya. Nenda kwenye miadi na picha zako za kabla ya upasuaji wa kwanza kama unazo, umwombe daktari akuonyeshe kwazo anachoweza kukurudishia na asichoweza, na usitie saini siku hiyo.