Kabla hujamwachia fundi grinda

Kwenye fremu ya pikipiki yangu, chini kidogo ya kiti, kuna kovu la kuchomelea refu kama kidole cha shahada. Kovu hilo nililigharamia mwenyewe.

Piki yenyewe ni Yamaha XT500 ya mwaka 1978. Niliinunua hapa Malindi kwa mzee mmoja Mwitaliano aliyekuwa anafunga nyumba yake arudi kwao, na ambaye ujanani aliikimbiza mashindano ya porini. Ubavuni ilikuwa na kibao cha njano chenye namba iliyochorwa kwa mkono. Kwa asiyeijua: silinda moja, cc 499, injini ya kupozwa kwa upepo. Ndiyo aina aliyopanda Mfaransa Cyril Neveu akashinda Paris-Dakar, yale mashindano ya kuvuka jangwa la Sahara, ya kwanza kabisa mwaka 1979, na mwaka uliofuata akarudia.

Mimi nilitaka kareji tu, nikienda Marafa nifunge mzigo. Nikaipeleka kwa kijana mmoja hodari sana wa Boxer, nikamwachia nikaenda kuswali Adhuhuri. Niliporudi, masikio mawili ya fremu, vile vyuma vidogo vya kufungia vitu, yalikuwa yamekatwa, yako chini mchangani, kareji imechomelewa, na kile kibao kimepigwa msasa kikapakwa rangi nyekundu ya kung'aa.

"Nimekusafishia, mzee," akaniambia, na uso umemkunjuka kwa furaha.

Ningemgombeza kwa lipi? Sikumwambia asikate.

Watu huniuliza piki kama hizi ziachwe zilivyotoka kiwandani au zibadilishwe. Mimi naangalia kitu kimoja: hilo unalotaka kufanya, litarudi kwa spana? Likirudi, fanya, na ulichotoa kisafishe, kipake mafuta, kitie kwenye debe na uandike jina lake. Likihitaji grinda, drili au kuchomelea, kalale kwanza.

Kwa mfano, umeme. XT500 ilikuja na volti 6 na pointi, yaani vile vibao vya kukata na kuunganisha umeme wa plagi, na taa yake ya mbele ni koroboi. Ukitoka Mambrui baada ya Magharibi, mbuzi unamwona akiwa tayari kwenye gurudumu. Nikafunga mfumo wa volti 12 usio na pointi, bila kutoboa tundu hata moja. Hapo sina majuto. Lakini kuiwasha nimeacha vilevile, kwa kiki. Unabana kile kishikio kidogo cha mkono wa kushoto kinachoachia mgandamizo wa injini, unasukuma kiki taratibu huku unachungulia kidirisha kilicho kwenye kichwa cha injini, upande wa kulia. Alama ikitokea, unaachia kishikio, unapiga kiki moja ya moyo wote, na gesi usiiguse. Ukiruka hatua, kiki inakurudia kwa nguvu, na mguu utakwambia. Vijana wa stendi huja kunitazama, na mmoja alishajaribu. Alichechemea mpaka Ijumaa.

Breki nimebaki na dramu zake, nikatia laini mpya. Zinashika kiasi, na mimi nimejifunza kuanza kufunga mapema. Kuna waliotia diski, na mtaani siwalaumu, ila wajue kwamba Ulaya kuna mashindano ya piki za zamani yenye kundi liitwalo Twinshock, na masharti yake ni shokapu mbili nyuma, breki za dramu na injini ya kupozwa kwa upepo. Ukishaweka diski, umejitoa.

Kilicholika ni habari nyingine. Silinda ikiisha, itachongwa na kupewa pistoni kubwa kidogo, huna njia. Bahati nzuri injini hii ni ndugu ya ile ya SR500, kwa hiyo spea za ndani bado zinapatikana. Na usiniambie kutu ni "uasilia". Upepo wa kusi hapa unaleta chumvi mpaka ndani ya spoki. Mimi naosha kwa maji ya bomba, maana visima vingi vya hapa navyo vina chumvi, kisha nafuta kwa kitambaa chenye mafuta.

Ila ukipata piki iliyoshindana kweli, yenye vithibitisho, weka spana chini. Hata matundu aliyotoboa mkimbiaji wake kupunguza uzito yaache, na waya aliofungia ekzosi uache. Wakimbiaji hawakuwahi kuendesha piki ya kiwandani zaidi ya wiki moja bila kuibadilisha, na huko kubadilisha ndiko unakokununua.

Kibao changu nilikifuta kwa thina na pamba, kidogo kidogo, jioni tatu. Njano imerudi, na nusu ya tarakimu. Masikio ya fremu yalichomelewa upya mahali pake, ndipo kovu. Kareji ya sasa katengeneza kijana yuleyule, ya boliti nne. Inatoka kwa dakika tano, spana namba 13.