Kwa wageni wa msafara: Tanga hadi Amani na kurudi

Ndugu zangu mliojiunga na klabu yetu ya pikipiki mwaka huu, safari yenu ya kwanza ya kutwa itakuwa ya Amani. Tutatoka Tanga mjini alfajiri, tupite Pongwe na Ngomeni, tupumzike Muheza, kisha tupande milima ya Usambara Mashariki na kurudi kabla giza halijaingia. Wengi wenu mnaendesha vizuri. Wengine mmefanya kazi ya bodaboda miaka mingi, mnajua kupenya soko la Mgandini na abiria mgongoni bila kumgusa mtu. Lakini kuendesha peke yako ni kazi moja, na kuendesha ndani ya msafara ni kazi nyingine, tena hii ya pili watu hawaifundishi. Ndiyo maana naandika.

Lishikeni hili kabla ya mengine yote: mwendo wetu unaamuliwa na pikipiki iliyo ndogo kuliko zote na dereva aliye mgeni kuliko wote. Mwenye injini ya cc 650 atapanda mlima kwa mwendo wa mwenye 125. Asiyeweza kuvumilia hilo aende peke yake siku nyingine, hakuna atakayemlaumu.

Sababu si upole tu. Tuseme tuko kumi na wawili barabarani, kila mmoja nyuma ya mwenzake. Kwa kilomita 80 kwa saa, pikipiki inakwenda mita 22 kila sekunde. Nafasi ya sekunde mbili kwa hiyo ni mita 44, na msafara mzima unakaribia nusu kilomita. Kiongozi akipunguza kwenye tuta halafu akaongeza mara tu anapolivuka, wa nyuma bado hawajalifikia. Wa pili anaongeza kidogo ili amfikie, wa tatu anaongeza zaidi, na hesabu hiyo inakua mpaka wa mwisho analazimika kukimbia kilomita 100 na zaidi ili tu asipotee. Aliye mbele anaapa kwamba alikwenda taratibu, na ni kweli. Aliye nyuma amekimbia kama mwizi, na hiyo nayo ni kweli. Ajali za misafara huanzia hapo, kwa mtu wa nyuma anayekimbiza wenzake kwenye kona asiyoijua.

Kwa hiyo mgeni hatumweki nyuma, ingawa wengi hupenda kujificha huko kwa aibu. Wa kwanza ni kiongozi. Wa pili ni mzoefu ambaye kazi yake ni kusimama njia panda na kuwaelekeza wengine. Wageni na pikipiki ndogo huanzia nafasi ya tatu. Nyuma kabisa yuko mfunga msafara, mwenye tyubu, pampu, spana na dawa za huduma ya kwanza, naye hampiti mtu yeyote kwa sababu yoyote. Kiongozi akifika njia panda, kama pale Muheza tunapoiacha barabara kuu, wa pili anasimama mahali anapoonekana na haondoki mpaka amwone mfunga msafara. Ukielewa utaratibu huo, huna tena sababu ya kukimbiza mtu. Hata ukimpoteza aliye mbele yako, kwenye kila njia panda tunapokata kona atakuwepo mwenzako anakusubiri. Pasipo na mtu, nenda moja kwa moja.

Kwenye lami tunajipanga kwa kupishana. Kiongozi anashika upande wa kulia wa njia yetu, karibu na mstari wa katikati, wa pili anashika kushoto, wa tatu kulia, hivyo hivyo mpaka mwisho. Sekunde mbili ni kwa aliye mbele yako kwenye mstari wako, sekunde moja kwa yule wa upande wa pili. Kwenye kona, kwenye daraja jembamba na popote lami inapoisha, kupishana kunakwisha na tunafuatana mmoja mmoja. Ukionyeshwa shimo kwa mkono au mguu, mwonyeshe na wa nyuma yako. Ishara ikikatikia kwako, wote walio nyuma wamebaki vipofu.

Kutoka mjini hadi Muheza ni kilomita kama 35, na hiyo ndiyo sehemu ninayoihofia kuliko mlima. Malori ya saruji yanaingia na kutoka Pongwe, mabasi yanawahi Segera, na kwenye mashamba ya mkonge matrekta hukatiza barabara na kuacha tope la magurudumu yake juu ya lami. (Mkonge uliletwa nchini na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na mkoa huu ndio ulioupokea. Mistari yake iliyonyooka ni mizuri kutazama, ila itazame tukishasimama.) Hapo kuna sheria moja tusiyobishana juu yake: kila mtu anaamua mwenyewe lini alipite lori. Mwenzako akipita, njia ilikuwa wazi kwake. Wewe umechelewa sekunde nne, na basi linalokuja limesogea mita mia moja na zaidi. Nenda ukiona mwenyewe, na usipoona, baki. Tutasubiri. Ukishapita, usirudi kushoto na kupunguza papo hapo, kwa sababu anayekufuata anahitaji pa kuingia.

Muheza tunapumzika, tunakunywa chai, tunajaza mafuta hata kama tangi lina nusu. Msimu wa machungwa ukiwa umefika, kuleni hapo hapo. Kifurushi kinachoning'inia kwenye usukani kinauvuta mkono wakati wa kukata kona.

Baada ya Muheza usitegemee lami njia nzima. Mji huo uko chini ya mita 300 kutoka usawa wa bahari, Amani iko karibu mita 900, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo utaipanda kwenye kona za mwisho, ndani ya msitu. Kwenye changarawe legeza mikono. Usukani utachezacheza chini yako, na ukiubana kwa nguvu unaigeuza kila kokoto kuwa mvutano. Inuka kidogo juu ya vikanyagio, bana tangi kwa magoti, tazama mbali. Pikipiki hufuata macho: ukilikazia shimo, utaingia shimoni. Na nafasi ya sekunde mbili haitoshi tena huku. Acha vumbi la mwenzako litue ndipo upite.

Kuhusu breki, wengi wa mtaani mmefundishwa kuiogopa ya mbele. Kwenye lami kavu hiyo ndiyo inayosimamisha pikipiki, maana ukifunga breki uzito mwingi unahamia mbele na tairi la nyuma linabaki jepesi. Ibane polepole kisha kwa nguvu, usiishtukize. Kwenye udongo ulegevu mambo hubadilika: tairi la mbele likifunga linateleza na unaanguka kabla hujajua. Huko tumia zaidi ya nyuma, ya mbele iguse tu, tena pikipiki ikiwa imesimama wima, kabla ya kona na si ndani yake.

Kushuka ndiko kunakowashinda watu, na huwashinda jioni wakiwa wamechoka. Ingiza gia ya pili au ya kwanza juu ya mteremko na uache injini ikushike. Usibonyeze klachi, usiweke nyutro ili kuokoa mafuta. Anayeshuka kwa breki peke yake huzichemsha, hasa zile za dramu, na breki iliyochemka inakuwa laini mguuni bila kushika. Ukisikia harufu ya kuungua, simama pembeni, zipoe. Kwenye kona zilizofichika piga honi na ushike kushoto kabisa, maana basi la Amani likikata kona linahitaji barabara yote.

Sigi, penye lango la hifadhi, tunalipa kiingilio na kupumzika kwenye nyumba ya zamani ya stesheni ya Wajerumani. Injini zizimwe. Juu ya hapo ni msitu wa mbega na hondohondo, na Amani yenyewe ina bustani ya miti iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Anayepiga resi pale ili mlio ujibu mlimani hatumwiti safari inayofuata.

Vijijini nako nasema bila kulainisha. Tunapita mbele ya nyumba za watu siku ya mapumziko yao. Mama anakwenda kanisani na nguo nyeupe, mtoto anasukuma tairi kando ya njia, mzee amekaa barazani. Sheria inataka tusizidi kilomita 50 kwa saa kwenye makazi, lakini kwenye vumbi hata 30 ni nyingi. Punguza mpaka vumbi lisinyanyuke. Ukisimama, vua helmeti, amkia wakubwa shikamoo ndipo uulize njia au maji. Siku moja tairi la mwenzetu lilipasuka huku juu wakati walio mbele wameshafika. Aliyetuletea karai la maji ya kutafutia pancha ni kijana wa nyumba ya jirani, na baba yake akatuachia kivuli cha mwembe wake mpaka kazi ilipokwisha.

Mvua haina mjadala mrefu. Masika, Machi hadi Mei, hatupandi Amani. Miezi mingine wingu likishuka kabla ya saa nane mchana tunageuza, hata kama chakula hakijaiva, kwa sababu udongo mwekundu ukilowa hata tairi jipya halishiki.

Nyumbani andaa haya usiku uliotangulia: upepo wa matairi upimwe yakiwa yamepoa, cheni icheze sentimita mbili hadi tatu na ipakwe oili, taa na indiketa ziwake, nati za kioo na stendi zikazwe. Vaa viatu vinavyofunika kifundo, jaketi nzito, glavu. Mwenye kandambili atarudishwa kwao hapo hapo, awe kiongozi au mgeni.

Tukirudi tutavunja msafara Kange, Tanga mjini, na kila mtu atashika njia yake. Usikate kona kwenda kwenu kimyakimya. Msogelee mfunga msafara, umwambie jina lako na kwamba umefika, kwa sababu yeye atakaa pale kandokando ya barabara mpaka idadi aliyoondoka nayo asubuhi itimie.